Kujitolea Grenada: Mwongozo Kamili wa Kuyazoea Maisha ya Kila Siku Kisiwani

Mtu wa Afrika Mashariki akifika Grenada hukuta vitu vingi anavyovijua: mishelisheli kando ya barabara, minazi, migomba, vibasi vilivyojaa watu na muziki, na jua linalozama karibu saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo wengi wetu hulegea. Mjerumani au Mmarekani anayekuja kujitolea anajua tangu siku ya kwanza kwamba yuko ugenini, kwa hiyo anauliza kila kitu. Sisi tunadhani tunajua, hatuulizi, na mwezi wa pili unatukuta tumeshawaudhi majirani bila kuelewa tulikosea wapi. Mwongozo huu nimeuandikia mtu wa namna hiyo, anayekwenda kufundisha, kusaidia vijana, kulinda kasa au kufanya kazi na wakulima, na atakayekaa miezi mingi.

Kwanza, picha ya nchi. Grenada ni visiwa vitatu vyenye watu: Grenada penyewe, Carriacou na Petite Martinique. Vyote pamoja ni kilomita za mraba 344 hivi, karibu moja ya tano ya Unguja, na wakazi wake wamezidi laki moja kwa kiasi kidogo tu. Mji mkuu ni St. George's. Katika nchi ndogo hivi hakuna mgeni asiyejulikana. Ukifanya jambo mji wa Gouyave asubuhi, mji wa Sauteurs watalisikia kabla ya usiku.

Hatua ya kwanza: kabla hujapanda ndege

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Njia za kawaida hupitia Miami, New York, Toronto au London. Marekani humtaka mwenye pasipoti zetu awe na viza hata kama anabadilisha ndege tu, na Uingereza na Kanada nazo zina masharti yao ya kupita. Watu huhangaikia ruhusa ya kuingia Grenada wakasahau ruhusa ya njiani, safari ikakwama. Kwa hiyo chagua njia kwanza, tafuta viza ya njia hiyo, ndipo ununue tiketi.

Omba shirika linalokualika liandike mambo manne: nani atashughulikia ruhusa yako ya kukaa na kuiongeza muda, nani analipa nyumba, bima inagharimia nini, na nani utamjibu kazini. Ahadi ya simu haitoshi. Kwenye bima, hakikisha inalipia kusafirishwa kwa ndege kwenda kutibiwa nchi nyingine. Hospitali kuu iko St. George's na inafanya kazi yake, lakini maradhi mazito mara nyingi hupelekwa nje ya nchi.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano na uiweke pamoja na pasipoti, kwa kuwa mtu anayetoka ukanda wetu anaweza kuulizwa mlangoni. Washa huduma ya laini yako ya nyumbani kutumika ng'ambo kabla hujaondoka, la sivyo namba za siri za benki na za pesa za simu hazitakufikia huko. Chaja zako hazihitaji chochote cha ziada: umeme ni volti 230 na soketi ni zile zile za pini tatu bapa.

Usifungashe nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi. Sheria ya Grenada inamkataza raia kuvaa mabakabaka, na katazo hilo linahusu hata kofia, begi na kaptula ya mtoto. Visiwa jirani kadhaa vina sheria kama hiyo.

Hatua ya pili: salamu, kabla ya jambo lolote

Kama ningeruhusiwa kukupa sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningekupa hii.

Ukiingia kwenye basi, salimia watu wote waliomo. Ukiingia dukani, zahanati, benki au ofisini, salimia wote kabla hujataja shida yako. Asubuhi sema "Good morning", baada ya saa sita mchana "Good afternoon", na giza likiingia sema "Good night". Hiyo ya mwisho kule ni salamu ya kukutana, wala si ya kuagana, kwa hiyo usishtuke mtu akikuambia hivyo ndipo akavuta kiti akae mzungumze. Anayeanza na "nataka mkate" kabla ya salamu atahudumiwa kwa uso mkavu, na hakuna atakayemwambia sababu.

Wewe uliyelelewa na shikamoo utadhani jambo hili unalo tayari. Lakini fikiria vizuri: ndani ya daladala la Dar es Salaam au matatu ya Nairobi humsalimii kila abiria, na kwenye foleni ya benki unasimama kimya. Kule kimya hicho ndicho dharau. Jizoeze kutoa sauti.

Watu wazima usiwaite kwa jina tupu. Tanguliza "Miss" au "Mister" mbele ya jina la kwanza, hata kama mama huyo ameolewa na ana wajukuu, mpaka mwenyewe akuambie vingine. Ukienda nyumbani kwa mtu, simama nje, upaze sauti kwa salamu ya wakati huo, usubiri ujibiwe. Usipite uani moja kwa moja kwa sababu tu mlango uko wazi.

Wanawake wanaojitolea watakuta vijana barabarani wakiwaita kwa maneno au kwa mluzi. Wenyeji walinifundisha njia ambayo nimeiona ikifanya kazi: toa salamu kamili, ya heshima, kama unayemsalimia jirani, na usipunguze mwendo. Aliyesalimiwa hivyo mara nyingi hujibu kwa adabu. Akikufuata au akizidisha, ingia duka la karibu umwambie mwenye duka.

Hatua ya tatu: nyumba, maji na saa

Uliza nyumba yako ina tangi la maji au haina. Kiangazi, takriban Januari hadi Mei, maji ya bomba huweza kukatwa kwa zamu, na asiye na tangi hubaki na ndoo. Weka akiba kila siku hata kama bomba linatoka vizuri. Pili, angalia uani kama kuna makopo, matairi au vifuu vilivyotuama maji, uvimwage. Sababu nitaieleza kwenye afya.

Saa za Grenada ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, mwaka mzima. Saa mbili asubuhi kwako ni saa tisa alasiri Mombasa. Kwa hiyo wakati mzuri wa kupiga simu nyumbani ni mchana wako, watu wakiwa wametoka kazini kwao. Ukingoja usiku utawaamsha. Panga siku maalumu ya kupiga, kwa sababu wiki za kwanza ukiwa kwenye simu kila jioni hutaonekana barazani, na barazani ndiko unakopata marafiki.

Hatua ya nne: pesa

Sarafu ni dola ya Karibi Mashariki, inayotumiwa na maeneo manane na kutolewa na benki kuu moja iliyoko Basseterre, St. Kitts. Tangu 1976 dola moja ya Marekani ni sawa na 2.70 za kule, haipandi wala haishuki. Hesabu yako itakuwa rahisi, lakini kila ukitajiwa bei uliza ni dola ya wapi. Teksi na watu wa utalii huweza kutaja ya Marekani, sokoni hutaja ya kwao, na tofauti ni karibu mara tatu.

Huduma ya pesa za simu tuliyoizoea, ile ya kumlipa mama wa mboga kwa kubonyeza namba, usiitegemee kule. Ni noti mfukoni, au kadi kwenye maduka makubwa. Mashine za kutolea fedha ziko St. George's, Grand Anse na Grenville. Vijijini ni chache, kwa hiyo ukienda mjini toa za wiki nzima, na uwe na noti ndogo za basi.

Hatua ya tano: soko na chungu

Siku ya soko ni Jumamosi. Nenda Market Square, St. George's, asubuhi mapema. Utakuta majimbi, viazi vikuu, mihogo, ndizi mbichi, mashelisheli, maboga, tangawizi, manjano, na viungo ambavyo vimeipa nchi hii jina la kisiwa cha viungo. Vitu hupimwa kwa ratili, ambayo ni kasoro kidogo ya nusu kilo. Kubishania bei kama Kariakoo usijaribu, kwani mama muuzaji huchukua kwamba unamwona mwizi. Nunua kwa mtu yule yule kila wiki. Baada ya muda ataanza kukuongezea, na atakuambia nani anachinja lini na nani ana mayai. Majina nayo yatakuchanganya kidogo: ndizi mbichi wao huziita "fig", na manjano huyaita "saffron", kwa hiyo onyesha kwa kidole mpaka uyazoee.

Samaki hupatikana Gouyave, Grenville na mjini. Vijijini bado utasikia mvuvi akipuliza kombe kubwa la baharini kutangaza kwamba samaki wamefika. Ukisikia, chukua sahani utoke.

Vyakula vya kutoka nje ni ghali kwa sababu huja kwa meli, na mtu anayekula mkate wa dukani, jibini na nafaka za boksi atamaliza posho yake mapema. Kula wanachokula wenyeji. Unga wa mahindi upo, wa njano na laini, nao hupika sima yao iitwayo coo-coo. Chapati zipo kwa jina la roti, kwa kuwa Wahindi waliletwa kufanya kazi mashambani kuanzia 1857 na upishi wao ukawa wa watu wote.

Chakula cha taifa ni oil down, na hapa mpishi wa Pwani atajisikia yuko kwao. Vipande vya shelisheli huwekwa chunguni pamoja na ndizi mbichi, karoti, nyama au samaki wa chumvi, vidonge virefu vya unga vilivyosokotwa kwa mkono, majani ya majimbi, tui la nazi na manjano kwa wingi. Hupangwa kwa tabaka, hufunikwa, hakikorogwi, kinaachwa mpaka tui likauke na mafuta yake yabaki chini. Mara nyingi hupikwa nje, chungu kikubwa, watu wengi. Ukialikwa, usije saa ya kula. Njoo mapema, uchukue kisu, umenye. Kazi ile ya kumenya ndiyo mwaliko wenyewe, na huko ndiko nilikosikia habari za kijiji kuliko kwenye kikao chochote cha kazi.

Muislamu aseme mapema, kabla chungu hakijainjikwa, kwamba hali nguruwe, maana mkia na pua ya nguruwe vya chumvi hutiwa humo, na kila kitu huiva pamoja. Hutaonekana wa ajabu: Waadventista Wasabato ni wengi Grenada na wao pia hawali, kwa hiyo wapishi wamezoea kutumia kuku au samaki wa chumvi. Waislamu kisiwani ni wachache. Tafuta jumuiya yao kabla ya kusafiri ili usiifikie Ramadhani peke yako.

Hatua ya sita: basi na bahari

Vibasi hubandikwa namba ya njia kwenye kioo cha mbele. Namba 1 huenda Grand Anse, 5 hupita pwani ya magharibi kwenda Gouyave, 6 hupanda milimani kupitia Grand Etang hadi Grenville. Kituo kikuu kiko St. George's. Ukitaka kushuka, gonga bati la gari kwa vifundo vya vidole, kisha mlipe kondakta. Jioni mabasi hupungua haraka na Jumapili ni machache mno, kwa hiyo asiye na gari huipanga Jumapili yake karibu na nyumbani.

Pwani ya magharibi, ikiwemo Grand Anse, bahari yake ni tulivu. Upande wa mashariki unapigwa na Atlantiki na mikondo yake huvuta. Mvuvi wa pale akikuambia usiogelee, mtii.

Kuna mti mmoja ambao kwetu haupo na lazima uujue: manchineel. Huota ufukweni, una majani mabichi yanayong'aa na matunda madogo yanayofanana na tofaa la kijani. Tunda lake ni sumu, utomvu wake huunguza ngozi, na hata mvua inayodondoka kutoka kwenye majani yake hutoa malengelenge. Usikae chini yake, usijikinge mvua hapo, usichome kuni zake. Sisi tuliozoea kupumzika chini ya mkungu au mvinje ufukweni ndio tuko hatarini zaidi.

Hatua ya saba: afya

Malaria haipo Grenada. Jambo hili ni jema, lakini linabadilisha namna unavyopaswa kuifikiria homa. Kwetu homa ikipanda, wazo la kwanza ni malaria na dawa yake. Kule mbu wa hatari ni yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyotuama nyumbani. Analeta kidingapopo, yaani homa ya dengi, na pia chikungunya na zika. Ukipata homa na maumivu ya viungo, nenda zahanati, kunywa maji mengi, tumia parasetamoli. Usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwa sababu zinaweza kuongeza kutokwa damu ikiwa ni dengi.

Upande wa pili: ukiugua katika wiki za mwanzo, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka nchi yenye malaria. Vimelea vinaweza kuwa ulikuja navyo mwilini, na daktari asiyeona malaria kila siku hatavifikiria usipomwambia.

Hatua ya nane: kazi

Miezi ya mwanzo usirekebishe kitu. Kama uko shule ya msingi, kaa nyuma ya darasa, soma vitabu vyao, jua mtihani wa CPEA, ule wa kumaliza shule ya msingi, unawadai watoto nini mwisho wa safari, umuulize mwalimu mwenzako angependa msaada wapi. Mwalimu aliyefundisha kijijini miaka ishirini ameshawaona watu wa kujitolea wakija na mipango na kuondoka nayo. Mpe sababu ya kukuamini: fika kwa wakati, vaa nadhifu, timiza kidogo ulichoahidi. Mavazi huangaliwa sana. Malapa na vesti ni vya ufukweni, na ofisi za serikali zinaweza kukurudisha mlangoni.

Ukifanya kazi ya kasa upande wa Levera, kaskazini, ujue kasa wakubwa wa ngozi hupanda kutaga kuanzia Machi hadi Agosti, na usiku haiendwi ufukweni bila ruhusa.

Utaulizwa sana kuhusu Afrika. Wazee wa Carriacou bado wana ngoma ya Big Drum, ambayo nyimbo na midundo yake imepangwa kwa mataifa ya mababu waliotekwa: Cromanti, Igbo, Manda, Kongo na mengine. Na kuna saraka, karamu ambayo chakula kingi hupikwa na kugawiwa watu wote bure kwa kuwakumbuka waliotangulia. Ukialikwa huko, nenda, na usigeuke mwalimu wa Uafrika. Mambo haya wameyatunza wao kwa karne nyingi bila msaada wetu. Waeleze wakikuuliza, kwa ukweli, pamoja na kwamba mababu zao wengi walitoka magharibi na si kwetu.

Jambo jingine la kushika ulimi ni historia ya mapinduzi. Maurice Bishop, kiongozi wa mapinduzi hayo, alishika nchi tarehe 13 Machi 1979, akauawa na wenzake kadhaa tarehe 19 Oktoba 1983, na majeshi ya Marekani yakavamia tarehe 25 mwezi huo huo. Uwanja wa ndege unaitwa kwa jina la Bishop, na 25 Oktoba ni siku ya mapumziko. Utakaa meza moja na mtu anayemlilia Bishop na mwingine anayeshukuru wanajeshi walikuja, huenda ni ndugu. Sikiliza wote wawili.

Hatua ya tisa: kimbunga

Msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Zamani Grenada ilijiona iko kusini mno kupigwa. Baada ya kimbunga Janet mwaka 1955 kukapita karibu miaka hamsini ya salama, kisha Ivan akaja 7 Septemba 2004, akaua watu 39 na kuharibu karibu nyumba tisa katika kila kumi. Alilaza pia mikungumanga, zao lililoko mpaka kwenye bendera ya taifa. Mzanzibari ataelewa: kimbunga cha 1872 kiliifanyia mikarafuu ya Unguja vivyo hivyo, na mti wa viungo hukua kwa miaka, haupandwi leo ukavunwa mwakani. Tarehe 1 Julai 2024 ikawa zamu ya Beryl, aliyeipiga Carriacou na Petite Martinique na kuacha majengo machache mno yakiwa mazima.

Kwa hiyo Juni ikianza, fanya haya bila kungoja tangazo. Muulize mwenye nyumba kama paa limefungwa kwa vyuma na kama mbao za kuzibia madirisha zipo. Jua jengo la hifadhi lililo karibu, kwa kawaida shule au kanisa, na uende kwa miguu mara moja ili uijue njia. Weka pasipoti, vyeti na bima kwenye mfuko usioingiza maji. Tenga noti, kwa kuwa umeme ukikatika mashine za benki na za kadi hazifanyi kazi. Akiba ya maji na chakula kisichopikwa iwe ya siku tatu au zaidi, pamoja na tochi, redio ya betri, dawa zako na pawabenki. Redio ni ya lazima, kwani minara ya simu huanguka. Fuata matangazo ya NaDMA, idara ya taifa ya maafa, na kubaliana na familia yako nyumbani kwamba kimya cha siku kadhaa baada ya dhoruba hakimaanishi msiba.

Upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba, usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga, na upande wa pili unakuja.

Hatua ya kumi: kuondoka

Andika kazi yako mahali ambapo mwenzako ataikuta: orodha za watoto, walifika wapi, funguo ziko kwa nani. Maliza deni la duka, rudisha vitabu, funga akaunti. Omba barua ya kazi ukiwa bado upo, kwa sababu ukishapanda ndege itachukua miezi. Kuaga anza wiki mbili kabla, kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, mchana ukiwa bado una nafasi tumboni, maana kila nyumba itakuwekea sahani.